Mzee Naftali Hayupo

Mimi naitwa Luciana, nina steshenari hapa Nduguti. Ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta, benchi la wateja na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya. Natoa nakala, nachapa barua za kuomba kazi ambazo hazipo, napiga picha za pasipoti saizi mbele ya kitambaa cha bluu. Picha hizo ni za shule, za kikoba, za kwaya. Pasipoti yenyewe nimeiona mara moja tu maishani, mkononi mwa Festo, tena msibani kwa kaka yake. Aliitoa mfukoni akajipepea nayo uso, akisema kijijini kwao Kinyangiri kuna joto kuliko Zambia.

Zamani ukitaka karatasi ya serikali ulihitaji kujulikana tu. Unaenda kwa mtendaji wa kijiji, anakutazama, anauliza wewe si mtoto wa fulani, anagonga muhuri, mnaagana. Siku hizi kujulikana hakutoshi. Lazima utambuliwe, na kutambua watu ni kazi ya Mfumo, ule wa serikali wa kwenye mtandao. Alikuja mtaalamu mmoja kutoka mjini, viatu vyeupe, akawakusanya watu wa Kinyangiri kwenye uwanja wa shule akawatangazia kwamba huduma zote sasa ziko kiganjani. Watu wakatazama viganja vyao. Waliona sugu za jembe, huduma hawakuiona, lakini walipiga makofi kwa sababu mgeni alikuwa ametoka mbali.

Alichosahau kusema mtaalamu ni kwamba Mfumo una milango, na milango yenyewe haifanani. Mwenye pasipoti anapiga picha ukurasa mmoja, anapiga picha sura yake, keshatambuliwa, hata kama amejilaza kitandani. Asiye na pasipoti anaweka kidole kwenye kifaa. Asiyesomeka kidole anapelekwa mlango wa nyuma kabisa, na huo mlango wa nyuma ndio ulioniletea Mzee Naftali.

Mzee Naftali ana shamba zuri la vitunguu kando ya kijito, alilolifyeka mwenyewe ujanani. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Noel alibaki nyumbani, akaoa, akafa. Festo alihamia Tunduma kwenye biashara ya mizigo ya mpakani, na kwa kuvuka vuka huko ndiko alikopatia pasipoti. Mjane wa Noel anaitwa Severina. Baada ya matanga watu walidhani atafungasha vyombo arudi kwao. Yeye akachukua jembe akaenda shambani. Tangu siku hiyo ndiye anayelima, ndiye anayemwagilia, ndiye anayempikia mzee, na binti yake Anastazia anasoma sekondari kwa vitunguu hivyo hivyo.

Mzee aliamua hati ya shamba iandikwe jina la Severina yeye mwenyewe angali hai, maana anaujua ukoo wake. Lakini Festo aliwahi. Kumbe akiwa kule kule Tunduma aliingia kwenye Mfumo, akapiga picha pasipoti yake, akaandika kwamba yeye ndiye mtoto pekee aliye hai wa mwenye shamba, na kwamba anaishi Kinyangiri. Mfumo ukamwamini mara moja. Kisha ukamtumia mzee ujumbe kwenye simu ya Severina: mmiliki ajitambulishe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, asipojitambulisha atahesabiwa hayupo, na ombi la mrithi aliyethibitishwa litaendelea.

Soma hayo maneno tena. Mzee asipoweza kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, anahesabiwa hayupo, halafu anarithiwa, huku amekaa kwake anakunywa uji.

Walikuja asubuhi kwa bodaboda mbili. Nasema mbili kwa makusudi, kwa sababu mzee na mke wa mwanawe hawapandi pikipiki moja. Mzee aliingia ndani, nikampa shikamoo, akaitikia, akakalia kile kiti cha waya. Severina hakuingia. Alisimama nje, nyuma ya ukuta karibu na dirisha, mahali ambapo anasikia lakini haonekani.

"Mama Anastazia si aingie?" nikamwambia mzee. "Jua kali."

"Yuko sawa hapo alipo," akasema mzee.

Tukaanza na kidole. Mfumo ukasema kidole kisafishwe. Nikampa sabuni na maji, akanawa. Mfumo ukasema kidole kikaushwe. Kikakaushwa. Tukajaribu vyote kumi, mpaka mzee akauliza kama avue na viatu. Mwisho Mfumo ukasema vidole hivi havisomeki. Na kweli vingesomekaje? Vimeshika jembe, kamba ya ng'ombe na majivu tangu enzi za mkoloni anafungasha virago, vimekuwa laini kama kijiko.

Mzee akatoa kadi yake ya mpiga kura, ameitunza kwenye mfuko wa nailoni. Mfumo ukaikataa, hati hii haitoshi. Kadi ile ilitosha kuwachagua wakubwa, haikutosha kumtambua aliyewachagua. Akatoa cheti cha ubatizo. Mfumo hauna imani na ubatizo.

Ndipo ukafunguka mlango wa nyuma. Nikamsomea mzee kama ulivyoandikwa: mwombaji asiye na pasipoti wala alama za vidole atadhaminiwa na mtu mzima anayeishi naye kaya moja. Mdhamini atatokea mbele ya kamera bega kwa bega na mwombaji, nyuso zote mbili ndani ya duara, kisha atatamka kwa sauti jina kamili la mwombaji. Nafasi ni tatu tu.

"Basi ni rahisi," nikasema, na nikapaza sauti kuelekea dirishani. "Mama Anastazia! Ingia utaje jina la babu, tumalize!"

Hakuingia mtu. Mzee akatazama paa langu. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri fotokopi wakaanza kukagua vidole vya miguu yao. Hapo ndipo na mimi akili ikanirudia, nikajiona mjinga, maana nimezaliwa huku huku.

Kwetu mkwe hatajwi. Mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mume wake, si mbele yake, si nyuma yake, si akiwa peke yake chooni. Hakai naye benchi moja wala hamkazii macho. Na wanawake wengi wa siku hizi wanalichukulia jambo hili kwa urahisi, wanataja wakikasirika, wanataja wakisahau. Severina si wa hao. Mwaka mmoja kanisani alipewa kusoma somo la wana wa Yakobo. Akasoma vizuri, sauti safi, Reubeni, Simeoni, Lawi, mpaka alipofika kwa Naftali. Akameza mate, akaruka, akaendelea na Gadi. Mchungaji akasimama akasema dada yetu ametusomea wana kumi na mmoja, je, yule mwingine ameenda wapi? Kanisa zima likacheka, maana kila mtu alijua ameenda wapi.

Sasa niambieni. Jina la Mzee Naftali linatajwa na wauza chumvi, linatajwa na watoto wanaocheza mpira, mnadani hata walevi wanalitaja. Anastazia mwenyewe angelitaja, lakini bado hajatimiza umri wa mtu mzima. Mfumo ukapekua wilaya yote, watu wazima kwa wazee, ukamchagua mmoja tu asiyeweza. Mtu mwenye nia mbaya asingefanya kazi safi namna hiyo.

Siku ile tulijaribu hivyo hivyo. Nilimbembeleza Severina akaingia, kinyumenyume, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nikatundika kitambaa changu cha bluu katikati yao ili wasionane, kila mmoja upande wake, kamera mbele. Mfumo ukasema ondoa kizuizi. Nikaondoa kitambaa. Severina akageuza uso ukutani. Mfumo ukasema uso wa pili hauonekani. Mzee naye, kwa heshima, akasogea pembeni kumpa nafasi, akatoka kwenye duara. Sasa Mfumo ukawa unaona ukuta wangu na kalenda ya mwaka juzi. Muda ukaisha. Nafasi moja ikawa imekwenda.

Nilipiga simu kwa wale wanaojiita huduma kwa wateja. Akapokea binti mwenye sauti tamu. Nikamweleza habari zote, mkwe, mwiko, kaya, Ijumaa.

"Kwani hilo jina ni gumu kutamka?" akauliza.

"Si gumu, mdogo wangu. Ni zito."

"Sawa, nakuelewa. Je, mzee amejaribu kutumia pasipoti?"

Nikakata simu, kwa sababu nilikuwa na maneno mdomoni ambayo mtu aliyebatizwa hayatumii.

Wazee wa ukoo nao hawakukaa kimya. Walikutana kwa Mzee Naftali, wakachinjiwa mbuzi, wakajadili. Upo utaratibu wa kumfungua mdomo mkwe, lakini huo ni wa kula mbele yake na kuzungumza mbele yake, wala haufiki kwenye jina. Walipomaliza mbuzi walitoa uamuzi wao: mambo ya kompyuta hayakuwepo enzi za babu zetu, kwa hiyo hayana mwiko, wala hayana ruhusa. Wakanawa mikono wakaenda zao. Mchungaji akajaribu kwa upande wake. Alimwambia Severina kwamba mbele za Mungu majina yote ni sawa. Severina akamjibu, "Basi Mungu aje amdhamini."

Wiki ya mwisho walirudi. Safari hii Severina aliingia mwenyewe, akasimama ubavuni mwa mzee bila kugusana naye, akainua uso nusu. Nikajua amejiandaa, pengine njiani kote alikuwa akijisemesha. Duara likageuka kijani. Mfumo ukasema tamka sasa. Severina akafungua mdomo, mishipa ikamtoka shingoni, na kilichotoka ni neno moja.

"Baba."

Mfumo ukajibu kwamba jina halilingani. Nafasi ya pili nayo ikaenda.

Nilimfuata nje. Nasema ukweli, nilikuwa nimekasirika, nilitamani kumzaba kofi. Nilimwambia, mwanamke, unapoteza shamba kwa ajili ya neno. Festo anauza lile shamba kabla hujavuna. Mnunuzi ameshakuja kulipima kwa hatua, watu wamemwona. Anastazia atasoma kwa kitu gani, kwa heshima?

Hakunipigia kelele. Alikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, akakunja kanga miguuni.

"Luciana, unadhani silijui? Nalijua kuliko mwanawe. Kila siku nalibeba mdomoni nalirudisha. Noel alipokufa, ndugu zake walisema mimi si wa hapa, nirudi kwetu. Huyu mzee alisema kitu kimoja tu, kwamba mji wake hauna mgeni. Mimi nimpe nini mtu kama huyo? Chakula hata jirani anampa. Kitu changu mimi, ambacho hakuna mwingine anayeweza kumpa, ni kutomtaja. Sasa mashine inataka hicho hicho."

Nilikuwa na hasira bado, lakini haikuwa tena kwake. Nilirudi ndani nikamtolea nakala mteja kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa ikafika. Waliwahi, lakini umeme haukuwahi, ulirudi mchana. Watu walikuwa wamejaa, wengine wana shida zao, wengine wamekuja kuona. Mzee akakaa kitini. Severina alikuwa nyuma ya ukuta wake wa siku zote. Nilikuwa ndiyo kwanza nawasha kompyuta simu ya Severina ilipoita, naye akaipitisha dirishani bila kuitazama. Alikuwa Festo. Mzee hasikii vizuri, nikaweka sauti kubwa.

"Baba, shikamoo. Nasikia mnahangaika bure huko," akaanza Festo, sauti imeshiba. "Kwa nini uteseke? Mimi kwenye Mfumo ni mtu wa kaya yako. Naweza kukudhamini kwa pasipoti hapa hapa nilipo, bila bega kwa bega, dakika moja tu, umeshakuwepo. Lakini na wewe usije ukageuka. Shamba libaki kwa damu yako."

"Wewe huishi kwangu, Festo," akasema mzee.

"Mfumo unasema naishi."

Na kweli Mfumo ulikuwa unasema hivyo. Kwa mujibu wa serikali, siku ile Festo alikuwa Kinyangiri, na mzee aliyekuwa amekaa mbele yangu, anatoka jasho, hakuwepo.

"Nitafikiri," akasema mzee.

"Utafikiri mpaka saa ngapi? Leo ndiyo mwisho! Asiyekuwepo na lake halipo, baba, si ninyi wenyewe mlitufundisha?" Festo akacheka, tukasikia na wenzake wanacheka nyuma yake. "Huyo mwanamke unayemtegemea ni wa kuja tu. Mara mbili ameshindwa hata kutaja jina lako! Mimi nalitaja hata mara mia. Sikiliza. Naftali! Umesikia? Naftali Gabrieli! We dada wa steshenari, unaandika? Naftali! Naftali!"

Alikuwa analiita jina la baba yake kama mtu anavyomwita mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Mashine ya fotokopi ilikuwa imemaliza kazi, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kufunika sauti ile. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi aliweka mkono mdomoni. Waendesha bodaboda nje wakageuka. Hata mtoto wa kiume huku kwetu hamtaji baba yake hivyo, labda awe amelewa, na akilevuka anatafuta kuku wa kuombea radhi. Nikakata simu.

Mzee hakufoka. Alivua kofia akaiweka gotini, kichwa chake cheupe kikawa wazi mbele ya watu. Kisha akasema kuelekea dirishani, bila kuinua sauti.

"Mama Anastazia."

"Abee, baba."

"Jina langu limevuliwa nguo hapa barabarani. Njoo ulifunike."

Severina akaingia. Hakuingia kinyumenyume. Watu wakampisha. Alishusha kanga ikakaa mabegani, akaenda akasimama kando ya kiti cha mzee, akaitazama kamera. Nikabonyeza. Duara likawa kijani. Mfumo ukasema tamka sasa.

"Huyu ni Naftali Gabrieli Kefa," akasema Severina. "Ni baba wa marehemu mume wangu. Naishi kwake."

Alisema kwa sauti ya kutosha, taratibu, kila jina mahali pake, na hakuna aliyewahi kuyasema majina yale vizuri namna ile. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikukatika. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeombewa. Mfumo ukazunguka, ukazunguka, kisha ukaandika: mmiliki ametambuliwa.

Mimi nililia. Siwezi kudanganya. Nikajifanya naitukana kompyuta kwa uzito wake, na kila mtu akajifanya ameamini. Severina alikuwa ameshatoka, amerudi nyuma ya ukuta wake.

Mngedhani yameisha. Mfumo hauchoki. Ukaleta ukurasa mwingine: mmiliki atamke kwa sauti jina kamili la mtu anayemkabidhi shamba.

Nikamsomea mzee. Akanitazama, nikamtazama. Maana mwiko huu haubebwi na upande mmoja. Mkwe naye hamtaji mke wa mwanawe.

"Babu," nikasema polepole, "hujawahi kumwita?"

"Tangu Anastazia azaliwe namwita Mama Anastazia."

"Na kabla hajazaliwa?"

"Nilikuwa nakohoa."

Benchi zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Akashika kingo za kiti, akainuka, ingawa Mfumo haukumwambia asimame.

"Severina Simeoni Michael," akasema. Kisha akaongeza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemwomba. "Shamba ni lake. Lilikuwa lake kabla ya Mfumo wenu."

Nje ya dirisha nikasikia kitu kikitua chini. Nilichungulia. Severina alikuwa amekaa kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, amefunika uso kwa viganja vyote viwili. Hivyo viganja ndivyo vyenye huduma zote.

Mfumo ukakubali. Ukashukuru. Kisha ukaomba tuukadirie kwa nyota, kuanzia moja mpaka tano, jinsi tulivyofurahia. Nikaupa moja. Haukuipokea. Uliniambia kwanza nithibitishe kwamba mimi si roboti.

Mzee alikuwa hajafika hata mlangoni simu ilipoita tena. Festo alikuwa amepata ujumbe wake, mfupi, wa heshima: ombi lako limefungwa, mmiliki yupo. Nikaweka sauti kubwa kama mara ya kwanza, safari hii kwa raha zangu.

"Baba, umefanya nini? Umemwandikia nani shamba?"

"Mkwe wangu," akasema mzee.

"Mkwe wako nani? Taja jina, nimsikie!"

Mzee alifikiri. Alitazama dirisha, akatazama watu waliojaa pale ndani, wote wamekaza masikio. Kisha akaisogelea simu karibu kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Huyo hatajwi ovyo, Festo. Uliza Mfumo. Mimi nimeuambia."